Inua mkia kwanza

Juzi nimeshuhudia vijana wetu wawili wakishangilia dume la kondoo aina ya Dorper eti "kichwa cheusi tii, mwili mweupe pe". Wadogo zangu, mnanizeesha. Kaeni hapa niwaonyeshe jinsi ya kumtenga Dorper halisi na chotara.

1. Rangi ya kichwa iwe ya mwisho. Dorper alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kupandisha kondoo wa aina mbili, Dorset Horn na Blackhead Persian, na kile kichwa alikirithi kwa Persian. Kwa hiyo chotara wa Persian naye atakuja na kichwa kilekile; kinachomsaliti ni mafuta ya Persian, matakoni na shinani mwa mkia.

2. Mkia. Hapa ndipo nilipolizwa. Mwaka wangu wa pili nilichagua dume la mbegu peke yangu, mkubwa wangu nikamwambia apumzike. Kifua kipana, weusi umeishia shingoni, mkia umekatwa vizuri. Nikasema huyu muuzaji ni mtu makini. Sikujiuliza mkia ule ungekuwaje usingekatwa, wala sikupeleka mkono kwenye shina lake. Baada ya miezi mitano wanakondoo wakadondoka, vichwa vyeusi, nikapiga na picha. Walipokua, matako yakaanza kuvimba, mkia mnene shinani, kancha kembamba kananing'inia kama kikonyo cha kibuyu. Majike 14, msimu mzima! Mkubwa wangu akaja, akaliinamia dume, akabonyeza kisiki cha mkia, akaniita: "Weka kidole." Mafuta matupu, yanabonyea kama godoro. Hakuongeza neno. Bora angenitukana.

3. Ukishauinua mkia, usiharakie kuushusha. Tazama ngozi ya chini yake, kisha chuchu, kisha kwato: zote ziwe na weusi. Weupe hapo ni dosari, na nywele za kahawia kuzunguka macho vilevile. Madoa machache mwilini yanaruhusiwa; msigombane juu yake.

4. Vazi liwe mchanganyiko mwepesi wa nywele na sufu. Sufu tupu, kataa.

5. Meno ya mbele ya chini yagote kwenye ufizi wa juu. Hili halipimi uchotara, lakini mkono si umeshafika kichwani?

6. Chotara aliyepandishwa tena na tena hadi damu yake 7/8 ikawa ya Dorper atafaulu mitihani yote hii huku akicheua. Soma hereni ya utambulisho sikioni, dai daftari la uzazi, mwone mama. Mimi nilipomuulizia mama wa lile dume, niliambiwa yuko malisho ya mbali, nitachoka bure. Nami, kusema kweli, sikutaka kuchoka.