Unachora katuni? Acha kutafuta mchapishaji, tafuta kwanza atakayeshika kopi

Kila nikipost kurasa mbili tatu za katuni zangu lazima mtu anifuate inbox, kaka nina stori kali na michoro iko tayari, naomba namba ya mchapishaji. Naandika hapa ili nisiwe narudia. Namba sina, na hata ningekuwa nayo isingekusaidia sana, maana wachapishaji wengi wa vitabu hapa Bongo wanaishi kwa vitabu vya shule, ukimpelekea katuni ya watu wazima kuhusu dalali wa Sinza anayegombana na mama mwenye nyumba atakuuliza hii inaingia darasa la ngapi. Nimeulizwa hilo swali mimi, tena kwa heshima zote.

Swali la kuanza nalo ni lingine kabisa: nani ataishika hiyo kopi, na ataikutia wapi? Kuchora watu wanajua bwana, mji huu umejaa madogo wana mkono hatari, ila kazi inaisha inalala kwenye simu, wanapigiwa emoji za makopakopa na washkaji halafu basi.

Angalia wenzetu waliofanya katuni nje ya mfumo, karibu wote walianzia hapo. Marekani kuanzia 1954 makampuni ya katuni yalijiwekea kanuni kali, na gazeti lisilo na muhuri wa ile kanuni wasambazaji hawakutaka kuligusa. Mchoraji Robert Crumb alipotoa gazeti lake la katuni, Zap namba moja, San Francisco mwaka 1968 hakwenda kuwabembeleza, yeye na mkewe walilipitisha mtaa wa Haight wakiuza kutoka kwenye kigari cha kubebea mtoto. Baadaye maduka ya mahipi, yale ya mabango na vifaa vya kuvutia bangi, ndo yakawa njia ya wachoraji kama yeye, na magazeti yao yakaenda nchi nzima bila meza ya muuza magazeti hata moja. Ikafika 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kila jamii ipime yenyewe zipi ni picha chafu, wenye maduka wakaingia ubaridi wa kushtakiwa, na soko likakauka. Wachoraji walikuwa walewale na mikono ileile, kilichokatika ni mahali pa kuuzia tu.

Na usiseme hayo ni ya wazungu. Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 90, Mobutu bado yuko madarakani na hela ya Zaire inaporomoka, Papa Mfumu'Eto alikuwa anachora, anaandika na kuchapa vijarida vyake mwenyewe kwenye karatasi ya bei chee, Lingala ya mtaani na sio Kifaransa, stori za wakubwa wanaogeuka joka na kumeza wanawake, vinauzwa barabarani na sokoni. Alijua msomaji wake anapita wapi na anaongea nini. Hapa kwetu waliokulia na gazeti la katuni la Sani wanakumbuka wahusika Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa marehemu Philip Ndunguru, nakala moja inazunguka mtaa mzima mpaka jalada linang'oka.

Haya, vitendo. Anza na kijarida cha kurasa 16. Ni karatasi nne tu za A4 zikikunjwa katikati, unapata saizi ya A5 inayoingia mfuko wa nyuma. Kabla hujachora chochote kunja karatasi nne tupu, andika namba za kurasa kwa penseli, halafu zifungue uone: ukurasa wa 1 umekaa upande mmoja na wa 16, nyuma yake ni 2 na 15, na kila jozi ukijumlisha inakuja 17. Hiyo karatasi ya namba nenda nayo steshenari, mpe yule dada wa mashine aibandike mbele yake, la sivyo utarudi nyumbani na kijarida ambacho muuaji anakamatwa kabla ya kuua.

Chora kila ukurasa kwenye A4 kisha yule dada apunguze hadi asilimia 71, mistari inakazana na makosa madogo yanajificha. Ila maandishi nayo yanapungua, kwa hiyo herufi za kwenye viputo vya maneno zifanye kubwa kuliko unavyodhani inatosha. Kivuli cha penseli au wino wa kuzimuliwa sahau, fotokopi inakigeuza madoa meusi, tumia mistari ya kupishanisha. Pembeni acha nafasi kidogo pande zote, mashine nyingi hazifiki ukingoni. Kubana katikati kama huna stepla ndefu, ifungue ya kawaida, weka kijarida juu ya kipande cha godoro, gonga, pini zitoke chini, kisha zilaze kwa kijiko. Mimi nafanya hivyo mpaka leo na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kuhusu pini.

Toa kopi 50, usitoe 500. Zikiisha toa nyingine, mashine haiendi popote. Peleka saluni, kwa wauza kahawa, vyuoni, stendi, mahali mtu amekaa anasubiri na hana la kufanya. Duka kubwa la vitabu achana nalo kwanza, wanachukua kwa mali kauli na hela inakuja wanavyojisikia.

Kazi usiache. Harvey Pekar alianza kujichapishia katuni zake za American Splendor mwaka 1976 akiwa karani wa mafaili hospitalini Cleveland, na huyu hata kuchora hakujua, anachora watu wa vijiti na maneno halafu wachoraji wanamalizia, Crumb akiwemo. Maarufu akawa, ukarani akaendelea nao mpaka anastaafu 2001. Stori zake nyingi zilitoka hukohuko kazini, kwenye foleni na kwenye maneno ya wenzake, kwa hiyo ile ajira ilikuwa inamlipa mara mbili.

Hapa kwenye haki ndo nakuwa mkali. Superman aliuzwa na waliomuumba, Siegel na Shuster, kwa dola 130 mwaka 1938, haki zote, na maisha yao yote wakabaki wanahangaika na lile karatasi walilosaini. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu unapomaliza kuchora, bila kusajili, lakini haikulindi na saini yako mwenyewe. Kuna gazeti moja, silitaji, lilinipa mkataba wenye mstari mmoja unaosema mhusika ni mali ya kampuni. Nikaomba wautoe, wakagoma, nikaondoka na mhusika wangu na njaa yangu. Wauzie ruhusa ya kuchapa, mhusika abaki kwako.

Halafu kopi chache za kwanza wapelekee watu wenye mdomo, waandishi, watangazaji, hata wale wasiopenda kazi yako. Ndugu wachoraji, kina Hernandez kule California, walijichapia katuni yao Love and Rockets 1981, wakaituma kwa jarida la uhakiki la kampuni ya katuni ya Fantagraphics wakitegemea kupondwa tu kidogo. Gary Groth aliyekuwa mhariri aliisoma, akawaambia anataka kuichapisha yeye, na 1982 ikatoka chini ya Fantagraphics. Kumbuka walichomtumia kilikuwa gazeti zima lililokwisha kuchapwa, sio PDF ya kurasa tatu na ujumbe wa "mambo vipi boss".