Maswali na Majibu: Kitambuzi cha Gesi Katika Gari la Kulala

Maswali yafuatayo yameletwa na wasomaji wanaosafiri kwa magari yaliyotiwa vitanda na jiko ndani, na ambao vitambuzi vyao vya gesi vinawasumbua.

Gari letu ni basi dogo tuliloligeuza makazi ya safari. Kitambuzi hulia usiku wa manane ilhali hatujawasha jiko tangu magharibi. Mume wangu anataka kukikata waya. Je, ni sawa? (Bamburi)

Asikikate, dada. Kila kinapolia, chukulieni kwamba gesi inavuja mpaka mthibitishe kuwa haivuji. Zimeni moto wowote unaowaka, fungeni mtungi ikiwa mnaufikia bila hatari, acheni milango wazi, tokeni nje, na msiguse swichi yoyote, hata ya taa, kwa sababu cheche moja yatosha. Msitegemee pua, kwani gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, huku aliyelala juu ya kitanda hanusi kitu. Gari likishapata hewa, pakeni maji ya sabuni kwenye regyuleta, mpira na kila kiungo cha bomba. Povu likifura mahali, hapo ndipo penye tundu.

Povu lisipoonekana, shukuni umeme. Betri ya volti 12 ya aina ya asidi, iliyojaa na kutulia, husoma takriban volti 12.6. Friji na feni zikiinyonya usiku kucha, umeme hupungua na vitambuzi vingi huanza kupiga kelele. Pimeni kwa mita kwenye nyaya zinazoingia kitambuzini, si kwenye betri pekee, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu hula viungo vya shaba, na umeme unaotoka kamili kwenye betri huweza kufika ukiwa pungufu. Ikiwa betri yenyewe imewekwa chini ya kitanda, ichunguzeni pia: betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, ambayo kitambuzi huihesabu kuwa gesi ya jikoni. Ikiwa ya moto na inanuka kama yai viza, zimeni chaja na muiache ipoe kwenye hewa.

Mwisho, kumbukeni kilichopulizwa kabla ya kulala. Dawa ya mbu ya kopo na marashi yenye spiriti hukizindua kitambuzi vilevile.

Changu hupiga mlio mfupi kila baada ya muda, na kukibonyeza kitufe hakusaidii. Nimekipangusa vumbi, bado. (Changamwe)

Yaelekea kimezeeka. Kihisi kilichomo ndani kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 7, kisha kifaa chenyewe hutangaza kwamba muda wake umekwisha. Namna ya kutangaza hutofautiana, kwa hiyo soma kibandiko na tarehe iliyoandikwa nyuma. Hakifunguliwi kikatengenezwa, hununuliwa kingine. Wala usiridhike kwa sababu kitufe kinatoa sauti, kwani katika vingi kitufe hupima king'ora na umeme tu, bila kuthibitisha kwamba kihisi bado kinanusa. Ukiwa unaziba madirisha kwa gundi ya silikoni, maliza kazi hiyo na uiache ikauke kabla ya kufunga kipya, kwa maana mvuke wake huweza kukiharibu kihisi kabla ya wakati.

Nimepata kipya chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Naweza kukifunga mwenyewe? Gari ni la volti 24. (Likoni)

Kazi ni ndogo, ila hiyo 24 ndiyo penye mtego. Kama kifaa kimeandikwa volti 12 pekee, usikiunge moja kwa moja, na usikubali fundi akuchukulie umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili zilizoungana, kwa sababu moja itapungukiwa chaji daima na zote zitakufa mapema. Tumia kifaa cha kushusha volti au betri ya pembeni ya makazi, kama unayo.

Funga mtungi, toa fyuzi, kisha ufungue skrubu za kile cha zamani na kukivuta taratibu. Usiamini rangi za nyaya za gari: katika magari mengi ya aina hii yaliyoundwa Marekani, waya mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi, na aliyeunganisha kwa mazoea ya hapa hugeuza mambo. Rudisha fyuzi kwa muda, pima kwa mita ili ujue upi ni chanya, uitoe tena ndipo uunge. Viungo vibanwe kwa koleo na kufunikwa. Kusokota na kuzungushia tepu hakudumu katika unyevu wa Mombasa. Fyuzi iwe ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Ukishawasha, kipe kihisi dakika chache kipate moto kabla ya kukijaribu.

Fundi alikipachika darini. Ni sawa? (Kisauni)

Si sawa kwa gesi ya mitungi. Kishushwe karibu na sakafu, kwa kawaida kati ya sentimita 10 na 50, mbali na pazia na upepo wa mlango.

Tulifukiza udi kwa chetezo milango ikiwa imefungwa, mama akaumwa kichwa na kizunguzungu, lakini kitambuzi kilinyamaza. Kimeharibika? (Mtwapa)

Huenda ni kizima kabisa. Makaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, na kitambuzi cha gesi ya jikoni hakikuundwa kuitambua, isipokuwa kimeandikwa wazi kwamba kinafanya kazi zote mbili. Nunueni kitambuzi cha kaboni monoksidi na mkiweke mahali mnapolala, kwa kimo ambacho mtengenezaji ameagiza. Chetezo kiwashwe nje, na makaa yasirudishwe ndani hata yakionekana yamezimika.