Usikatwe tumbo na mtu usiyeweza kumfuata kwa daladala

Dada, hebu simama hapo hapo ulipo. Nimesoma uzi wako saa nane usiku nikakurupuka kitandani nikawasha taa, mume wangu akauliza kuna msiba? Nikamwambia bado.

Kwa waliodandia gari katikati: mwenzetu ana kilo 118, urefu sentimita 160, presha ipo, sukari inanyemelea, ameshatuma advansi ya dola 500 kwa "mratibu" aliyemuokota Insta na wiki mbili zijazo anaruka Istanbul kukatwa tumbo, siku tano karudi Dar. Anauliza afanye slivu, yaani tumbo likatwe sehemu kubwa itolewe, au baipasi, yaani wakutengenezee kifuko kidogo cha tumbo wakiunganishe na utumbo huko chini, ngozi ya mikono itakuwaje, ale nini kabla ya kwenda, na kama kuna namna mume wake asijue.

Sina ugomvi na kisu chenyewe. Kwa kilo hizo na urefu huo BMI yako, ile hesabu ya uzito kwa urefu, ni kama 46, na miongozo ya kimataifa ya 2022 inasema kuanzia 35 unaweza kushauriwa opareshen hata kama huna ugonjwa mwingine. Kwaiyo hao wanaokujibu acha chipsi, amka ukimbie, wapotezee, wengi wao hawajawahi kubeba kilo 118 hata kwenye toroli. Shida yangu ni hizo siku tano. Na huyo mratibu.

Mimi nauza blauzi na magauni Kariakoo. Mzigo nachukua Laleli pale Istanbul mara mbili tatu kwa mwaka, kwaiyo ule mji siuogopi, mpaka wauza chai wananijua. Oktoba 2022 nilikuwa na kilo 124, goti limegoma, ngazi za kwenda stoo napanda kwa awamu kama bajeti ya serikali. Sasa kuna kaka mmoja, Mbongo mwenzetu, alikuwa ananisafirishia kago. Kago ilipolala akaingia biashara ya matumbo. Sitanii. Mtu yuleyule aliyekuwa anapima marobota yangu kwa kilo akaanza kunipima mimi kwa kilo. Dola 3,400, ndani yake opareshen, hoteli, dereva na shati la kubana tumbo, akaniambia dada unaingia Jumatatu, wikiendi unachagua mzigo wako, mguu huohuo. Na mimi kwa akili zangu za kuuza nguo nikaona nimeokota ofa.

Daktari nilimwona dakika tano, asubuhi ya kisu chenyewe, kupitia mkalimani ambaye daktari akiongea dakika nzima yeye ananigeukia anasema hamna shida. Tulikuwa sita kwenye gari moja, tumefungwa vikaratasi mkononi kama mizigo yenye tagi. Wanachofanya kwenye slivu, kwa asiyejua, wanakata asilimia 75 hadi 80 ya tumbo wanatupa, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Limetupwa, hakuna kurudi dukani na risiti. Siku ya sita nipo Laleli na michirizi ya jasho inashuka nachagua blauzi. Siku ya nane nimekaa kwenye ndege saa saba nzima, hakuna aliyeniambia habari ya damu kuganda miguuni wala nivae soksi gani.

Hayo yote Mungu alinifunika. Kilichonipata ni hiki, na hapa nakuomba usome taratibu.

Kama siku ya 12 nikiwa nyumbani Tabata nikaanza kutapika. Uji unarudi, supu inarudi, maji yanarudi. Nikamwandikia yule kaka WhatsApp, akanijibu "kawaida dada, mwili unazoea, kunywa kidogokidogo" na maua matatu. Siku ya 16 nikaandika tena, maua. Siku ya 20 nikatuma sauti nalia, akasema atamuuliza daktari. Wiki ya nne zikawa tiki mbili za bluu tu na kimya. Namba ya hospitali aliyonipa nikipiga anapokea mtu wa Kituruki, tunasalimiana vizuri kabisa, merhaba merhaba, halafu hatuna pa kwenda.

Sasa mimi sikujua kwamba vitamini B1 mwili unaweka akiba ya wiki mbili tatu tu. Mtu asiye na tumbo, anayetapika kila siku, akiba inakauka hata kabla hajajua kuna kitu kinaitwa hivyo. Nikaenda zahanati ya mtaani nimelegea. Wakaniuliza una tatizo gani la zamani mama? Pembeni yangu kakaa mama mkwe, na nyumbani wote wanajua nilikwenda kufuata mzigo. Nikasema vidonda vya tumbo.

Nilidanganya, dada. Kwa mdomo wangu huu.

Wakanitundikia dripu za glukosi, chupa baada ya chupa, na wao siwalaumu maana walitibu walichoambiwa. Kumbe glukosi ili itumike mwilini inahitaji hiyo hiyo B1, kwaiyo ukimmiminia sukari mtu ambaye B1 imebaki ya kulambwa, unammalizia. Kesho yake asubuhi miguu ina ganzi mpaka magotini, naamka naangukia kabati, macho yanachezacheza, kila kitu nakiona viwili. Nikamwona mama mkwe wawili. Mmoja tu huwa ananitosha. Yeye akasema nimerogwa na wapinzani wa biashara, majirani kwa jinsi nilivyopungua haraka walishamaliza kikao zamani kwamba nimeukwaa, na wale wa kwenye kigenge wakasema ni pombe maana natembea kwa kupepesuka. Mtaa mzima una majibu, mwenye jibu la kweli nimekaa nalo kimya.

Aliyeniokoa ni daktari kijana kwenye hospitali kubwa nilikopelekwa usiku ule. Alinifunua tumbo kunisikiliza akaona vitobo vitano vipya, akamwomba mume wangu atoke nje kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, mama, umefanyiwa nini na lini? Nikasema. Nikampa na ripoti iliyokuwa kwenye mkoba, kurasa nne za Kituruki, ile ambayo yule kaka aliahidi "itatafsiriwa na kutumwa kwa imeili". Kijana wa watu akakaa na simu anachapa neno moja moja mpaka akafika kwenye tüp mide, ndo slivu hiyo. Akasimama. Sindano za B1 zikaanza kabla ya kitu kingine chochote.

Macho yalirudi ndani ya siku mbili. Miguu ilichukua miezi mitano, nikitembea na mkongojo, na hadi leo vidole vya mguu wa kushoto ni kama vya jirani. Baadaye wakaniingiza kamera kwa mdomoni wakakuta bomba limejibana katikati, ndo maana chakula kilikuwa hakipiti, wakalitanua mara mbili. Yaani sababu ya kutapika ilikuwa kitu cha kuonekana kwa kamera, siyo cha kutibiwa kwa maua. Pakeji ilikula kama milioni 8. Kitanda, vipimo, kamera na mazoezi ya viungo vikala 11 nyingine, hapo duka lilifungwa na mzigo wa Krismasi ukauzwa mwezi wa tatu kwa bei ya kutupa. Nilikwenda kupunguza mwili, nikapunguza mtaji.

Na yule kaka? Yupo. Wiki iliyopita nimemwona kaposti mteja mpya, kabla na baada, moto moto moto. Picha yangu ya siku ya tatu nikitabasamu na ule mfuko wa dripu bado ipo kwenye ukurasa wake, watu wanaandika chini "hongera dada". Nilimwomba aifute akaniambia inamletea wateja. Hawa watu wanaitwa waratibu, mimi nawaita madalali, na afadhali dalali wa kiwanja, yeye hata akikutapeli unarudi nyumbani na tumbo lako.

Kwaiyo kanuni yangu ni hiyo iliyopo kwenye kichwa. Usikatwe tumbo na mtu ambaye siku ya 20 ukitapika huwezi kupanda daladala, au basi la mkoani, au bodaboda ukaenda ukakaa kwenye benchi lake mpaka atoke. Opareshen hii siyo jino. Ukishatoka pale ni vidonge vya vitamini maisha yako yote, ni kupima damu mwezi wa 3, wa 6, wa 12 halafu kila mwaka, B12, madini ya chuma, vitamini D, ni mtu wa kukupigia kelele protini haitoshi. Na kuna dalili ambazo ni za kukimbia saa hiyohiyo: moyo unakwenda mbio umekaa, homa, maumivu yanapanda bega la kushoto, hapo huenda mshono unavuja, na kuvuja hakusubiri viza.

Usiniambie Bongo hamna. Muhimbili Mloganzila wanaweka puto tumboni tangu 2022, huko hukatwi kitu, linawekwa kwa kamera na linatolewa baada ya miezi kadhaa. Puto siyo sawa na slivu, kupungua kwake ni kidogo zaidi na uzito unaweza kurudi, lakini nenda kawaone, uliza na upasuaji, upimwe, uambiwe na mtu ambaye kesho yupo. Na ukiamua kwenda nje bado, basi kwanza mpate daktari wa hapa aliyekubali kwa mdomo wake kukupokea ukirudi, na ripoti ije kwa Kiingereza kabla hujapanda ndege. Hakukubali mtu, huendi. Advansi ya dola 500 iache iende. Mimi ningeiacha nikicheka.

Slivu au baipasi: una kiungulia? Hujasema. Kama unacho pimwa kwa kamera kwanza, maana slivu inaweza kukizidisha na ndo sababu mojawapo wengine wanapelekwa baipasi. Huyo mratibu wako amekuuliza hilo au amekuuliza saizi ya shati la kubana?

Ya mume, sikufundishi ndoa. Ila siku ile mume wangu alipoitwa ndani akaambiwa, hakugomba. Alikaa chini akaanza kunikanda miguu ambayo sikuwa naisikia. Mwambie mtu mmoja, basi. Kama si yeye, dada yako, shoga yako, yeyote atakayejibu kwa niaba yako ukiwa unaona watu wawili wawili.

Uliuliza na mengine, ngozi sijui na chakula, wengine watakujibu, nina kilo 81 sasa na mikono imelegea kama kanga ya zamani, nimeshona magauni ya mikono mirefu yameisha hayo.

Wewe nifanyie kitu kimoja. Leo saa tatu usiku mwandikie mratibu wako hivi: "Nikianza kutapika siku ya 20 nikiwa Dar, daktari gani atanipokea, jina lake na hospitali yake?" Usiongeze neno. Kisha piga skrinshoti ya jibu uweke hapa, tuhesabu maua.