Rafiki yako na video zake za wanyama: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza umjibu vipi rafiki yako, aliyekutumia video zake za kuchekesha na kufundisha kuhusu wanyamapori na kukuomba umweleze kwa uwazi unavyoziona kabla hajaziweka mtandaoni. Unasema ulicheka kweli, lakini baadhi ya aliyoyasema si sahihi, nawe unachelea kumvunja moyo. Nimezitazama kwa makini, na naona la kuogopwa zaidi ni kunyamaza, kwa sababu mtazamaji husahau maelezo mengi lakini hakisahau kilichomchekesha, hata kama ni uongo.

Kwa hiyo tenganisha kosa lililo pembeni ya kichekesho na kosa lililokibeba kichekesho chenyewe. Akikosea uzito wa mnyama, maandishi mafupi chini ya picha yatatosha kusahihisha. Lakini yule mbuni wake anayefukia kichwa mchangani ili wanaomdai wasimwone hawezi kusahihishwa kwa maandishi, kwa kuwa mbuni hafanyi hivyo kamwe. Hutaga katika kishimo kisicho na kina, na anapoinama kuyageuza mayai kwa mdomo wake, anayemtazama kwa mbali hudhani kichwa kimezama ardhini. Mpe rafiki yako ukweli huo pamoja na kosa lake, maana mna kichekesho kizuri zaidi ndani yake: mzazi yumo kazini, nasi tunamsingizia woga.

Vivyo hivyo kwa fisi, ambaye amemfanya mwizi mvivu anayecheka baada ya kuiba. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi madoa wa Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba fisi hao huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba huko Ngorongoro simba ndiye aliyekuwa akiwapokonya mara kwa mara. Tena kile tunachokiita kicheko husikika sana fisi anapofukuzwa au kubanwa na wenzake. Akiwabadilishia nafasi hao wawili, atapata kichekesho ambacho watazamaji hawakukitarajia, na watakuwa wamejifunza. Kama atadhani ukweli utampunguzia uchekeshaji, msimulie habari ya dundu wanaoviringisha kinyesi: watafiti waliotangaza mwaka 2013 kwamba wadudu hao hushika njia usiku kwa mwanga wa ule ukanda mweupe wa nyota angani, waliwavisha vikofia wasiione mbingu, wakawatazama wakipoteza mwelekeo.

Liko jambo moja ambalo sitaki ulipunguze makali. Katika video ya mwisho amechomeka picha za lorisi, yule mnyama mdogo wa Asia aliye jamaa wa komba, akiinua mikono huku mtu akimtekenya, na juu yake ameweka sauti ya kicheko. Lorisi huinua mikono kwa sababu ana tezi karibu na kiwiko, ambayo majimaji yake yakichanganyika na mate huwa sumu, yaani anajihami. Hapo mwombe aziondoe picha hizo, kwa sababu picha za namna hiyo huwatia watu hamu ya kumfuga mnyama asiyefaa kufugwa, na hakuna maandishi ya chini yatakayoizima hamu hiyo.

Mengine ni ya kupita. Muziki wake unaifunika sauti, mwambie aupunguze. Mizaha ambayo haikukuchekesha lakini haina kosa, mwachie mwenyewe, kwani ladha yake si lazima ifanane na yako.

Ama namna ya kusema, mwandikie yeye peke yake, si mbele ya wenzake, na uanze na mahali ulipocheka, ukitaja dakika na sekunde, maana anayesifiwa kwa jumla tu hajui abakize nini. Kisha mweleze yaliyokupata ulipokuwa ukitazama: "hapa nilidhani unamzungumzia jike" humsaidia kuliko "hapa hapaeleweki". Ukishamweleza kilicho kweli, usimwandikie upya maneno yake. Jinsi ya kukisema ni kazi yake, naye anaiweza. Umwambie pia kwamba uko tayari kuzitazama tena akishazihariri, na umwombee mama yako ruhusa ya kuiona ile ya fisi kabla haijatoka.

Akupendaye,
Mama yako