Erewhon: Anayesema ni Butler au Msimulizi Wake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Samuel Butler, Mwingereza aliyechapisha riwaya ya Erewhon mwaka 1872, ambamo msimulizi anavuka milima na kuifikia nchi ya kubuni iitwayo Erewhon. Mtandaoni naambiwa kwamba sura za mwanzo ni kumbukumbu za safari yake New Zealand, na kwamba tashtiti, yaani kejeli inayokosoa jamii, inaanza msimulizi anapovuka milima. Naambiwa pia kwamba katika sura za mashine Butler anataka mashine zivunjwe. Msimamizi wangu ameikataa sura niliyoijenga juu ya hayo. Nitenganishe vipi safari na tashtiti? Na nitumie toleo lipi?
– Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amekutendea haki. Kila msimu wa tasnifu nakutana na kazi zinazombebesha mwandishi maneno ya msimulizi wake, na hakuna kosa linaloniudhi zaidi. Tarehe iliyokosewa husahihishwa kwa dakika moja, lakini kosa hili likishaingia, hoja nzima inabomoka.

Mandhari kweli ni ya New Zealand. Butler alifika Canterbury, jimbo la huko, mwanzoni mwa 1860, akafuga kondoo sehemu za juu za mto Rangitata, mahali alipopaita Mesopotamia, akaondoka mwaka 1864. Barua alizowaandikia nyumbani zilitolewa na baba yake mwaka 1863 kwa jina la A First Year in Canterbury Settlement. Kiweke kitabu hicho kando ya sura za mwanzo za Erewhon, utaiona mito ileile na milima ileile. Hapo una ushahidi wa safari, utumie.

Ila usikate riwaya kwa kufuata ramani. Soma tena sura ya kwanza. Msimulizi anasema alifika mwaka 1868, tena hathubutu kutaja majira, msomaji asije akajua yuko upande gani wa dunia. Anaficha nchi ili asitanguliwe na mtu kwenye faida anayoitarajia. Mwaka 1868 Butler alikuwa ameshakaa London miaka kadhaa! Mbele kidogo, msimulizi huyohuyo anampa Chowbok, mwenyeji wa huko, pombe ili amtoe siri za ng'ambo ya milima. Kisha anambatiza kwa mkono wake, akitumaini kwamba kumwongoa mtu mmoja kutamfutia yeye mwenyewe dhambi zake. Yote haya yanatokea kabla hawajauona mpaka. Kwa hiyo tashtiti ilishaanza, na wa kwanza kuchomwa nayo ni msimulizi. Fika mwisho wa kitabu umwone anavyopendekeza kampuni ya kuwaleta Waerewhon Queensland, Australia, wakafanye kazi kwa wakulima wa miwa, huku akiita mpango huo uinjilisti. Ukisema hayo ni mawazo ya Butler, umekigeuza kitabu juu chini.

Sasa mashine, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapozama, na tangu akili mnemba ishike masikio ya watu hali imezidi. Nasoma kila mahali kwamba Butler alitabiri, Butler alionya, Butler alitaka zivunjwe. Hesabu sauti zilizomo katika sura hizo. Butler anamwandika msimulizi. Msimulizi anatafsiri kitabu cha mwanazuoni wa Erewhon anayedai mashine zitamtawala binadamu. Halafu anamleta mwandishi mwingine wa nchi hiyohiyo anayesema mashine ni viungo vya nje vya mwili wetu. Wa kwanza ndiye aliyeshinda, Waerewhon wakaharibu kila chombo kilichobuniwa katika miaka 271 iliyotangulia. Idadi hiyo ilifikiwa baada ya mabishano ya miaka kadhaa kuhusu chombo cha madobi cha kukamulia nguo. Anayetoa onyo la moja kwa moja haweki kipimo chake kwenye chombo cha dobi.

Butler mwenyewe alizijaribu pande zote mbili gazetini. Mwaka 1863, katika The Press la Christchurch, alichapisha "Darwin among the Machines", inayomalizia kwa kutaka mashine zipigwe vita. Mwaka 1865, katika gazeti hilohilo, ikatoka "Lucubratio Ebria", inayoziona mashine kuwa viungo tulivyojiongezea. Anayekunukulia ile ya kwanza akainyamazia ya pili anakupotosha. Isitoshe, wahakiki walipodhani sura hizo zinamdhihaki Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe, Butler alikanusha katika dibaji ya toleo la pili.

Kuhusu toleo: mwaka 1901 Butler aliirekebisha riwaya na kuongeza mambo, zikiwemo sura za haki za wanyama na haki za mimea. Ukizikuta kwenye nakala yako, unasoma matini ya 1901, hata kama jalada limeandikwa 1872. Hoja yako ikihusu wasomaji wa kwanza, tafuta matini ya 1872. Ikihusu kazi nzima ya Butler, chukua ya 1901 na useme hivyo wazi. Na ukitaka kumsikia akisafiri na kusema kwa sauti yake mwenyewe, soma Alps and Sanctuaries, kuhusu Piedmont ya Italia na Ticino ya Uswisi. Hiyo ndiyo mizani ya kumpimia msimulizi wa Erewhon.

Mtego huu si wa wanafunzi peke yao. Mwaka 1873 Butler alitoa The Fair Haven, utetezi wa miujiza ya Ukristo ulioandikwa kwa jina la marehemu wa kubuni, huku hoja zake zikiudhoofisha utetezi wenyewe. Baadhi ya wahakiki waliuchukua kuwa wa kweli. Hao walikuwa na kitabu kizima mkononi. Je, wewe mwenye muhtasari wa aya tatu?

Ndiyo maana sina subira na wanaouza mihtasari na tasnifu zilizopikwa, wala na programu zinazomjibu mwanafunzi kwa "Butler anasema" bila kuonyesha sura. Mtindo huu unaharibu usomaji wa kila mwandishi wa tashtiti, kwa kuwa kazi ya aina hii huishi katika pengo kati ya anayeandika na anayesema, na muhtasari kitu cha kwanza unachofanya ni kuliziba pengo hilo. Akikuletea mtu nukuu, mwulize iko sura ya ngapi, toleo lipi, inatoka kinywani mwa nani, na nani anamjibu. Akishindwa swali la tatu, usiiweke kwenye tasnifu, hata ikiwa tamu namna gani.