Mwanangu, waanzie kwa silikanti

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, na baba yako goti limepoa. Umeniuliza ufanyeje na wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza: makala ya kitaaluma wanaisoma kama hadithi, neno kwa neno hadi wanasinzia, na ya gazeti wanainukuu ilivyo.

Mimi ningewapa habari moja iliyoandikwa mara mbili. Chukua silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini, huyu huyu anayenasa kwenye jarife za wavuvi wetu. Mwaka 2021 jarida la Current Biology lilichapisha utafiti kuhusu umri wake, na vichwa vya habari vikamtangaza samaki anayeishi miaka 100. Wape maandishi yote mawili, uwaulize swali moja tu: hiyo mia imetoka wapi?

Gazetini watahangaika bure. Kwenye makala, wasianze mstari wa kwanza kwenda wa mwisho. Wasome ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzoni, kisha hitimisho, waangalie majedwali na michoro, ndipo warudi kwenye mbinu za utafiti. Hapo ndipo wanapokimbia wote, na ndipo penye jibu. Watakuta waliochunguzwa ni silikanti 27. Umri ulihesabiwa kwa mistari ya kwenye magamba, na mkongwe wao alikadiriwa miaka 84. Mia ni makisio. Neno hilo makisio ndilo rahisi kudondoka njiani kabla ya kufika kwenye kichwa cha habari.

Lakini gazeti usiwafundishe kulidharau. Ndilo linalowaeleza jambo hilo linawahusu nini: samaki anayekisiwa kubeba mimba miaka 5, kila mmoja anayenaswa ni hasara kubwa. Wataalamu wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe, hawana subira ya kukueleza hayo. Anayeingia kwenye mada ngeni aanzie gazetini, hakuna aibu. Akitaka kunukuu namba, aifuate kwenye utafiti wenyewe.

Na zile kalamu za rangi wazipumzishe, jamani. Ukurasa mzima ukishakuwa njano, umeweka alama gani? Kila aya waiandikie pembeni sentensi moja ya kwao, kwa Kiswahili, hata kama makala ni ya Kiingereza. Anayeshindwa airudie aya hiyo.

Wiki ya kwanza usizidishe makala moja. Shangazi yako anakusalimu, anauliza ile kanga yake utaileta lini.

Mama yako