Laptopu ikifa herufi A, shuka chini kabla hujanunua kibodi

Msimu wa korosho uliopita laptopu ya hapa steshenari, Shangani Mtwara, ikagoma herufi moja, na wala si Q au X ambazo unaweza kuvumilia, ikagoma A. Sasa andika Kiswahili bila A uone. Mteja kaja na orodha ya wakulima, Hamisi anatoka "Hmisi", Mwanahawa anatoka "Mwnhw", mzee akachungulia akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii lugha gani tena?"

Mashine ni ya Linux, si Windows, kwaiyo nikakimbilia xmodmap, programu ya kubadili kazi za vitufe, Caps Lock nikaigeuza iwe A maana ipo palepale ubavuni kidole hakina safari. Ikakubali, nikajiona fundi. Jioni umeme ukakatika, betri yenyewe ilishakufa zamani, nawasha tena inadai paswedi na paswedi ina a tatu! Kumbe xmodmap inakuwepo ukishaingia tu, pale mlangoni haipo. Nikaenda kuazima kibodi ya USB kwa jirani ili niingie kwenye laptopu yangu mwenyewe.

Yaani jamani, shuka chini, karekebishe kwenye mzizi wa mfumo. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe, kerneli, yaani kiini cha Linux, ndo inaamua hiki ni kitufe gani, mambo ya lugha na mpangilio yanakuja baadaye huko juu. Fungua evtest, programu ya kuonyesha namba za vitufe, kama root (msimamizi wa mashine), chagua kibodi, bonyeza Caps Lock, utaona 3a, namba inayotumwa na kibodi, na pia 58, namba ya kerneli. Shika hiyo 3a. (Ukitumia xev, programu nyingine ya kuangalia vitufe, utaiona 66 kwa sababu X, mfumo wa madirisha ya Linux, inajumlisha 8 kwenye ile 58, wengi wanapotelea hapo.) Afu tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb, ndani andika:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_3a=a

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi. Mimi niliisahau, nikahangaika nayo toka magharibi mpaka watu wanatoka isha. Ukimaliza piga sudo systemd-hwdb update, kisha sudo udevadm trigger. Hapo hata kwenye paswedi A inaandika, na kibodi ya USB haiguswi maana atkbd ni ile ya ndani ya laptopu, ya USB namba zake ndefu, Caps Lock yake ni 70039.

Mpaka leo natumia hivohivo. Shida inakuja mteja akitaka tangazo zima kwa herufi kubwa, hapo ni kushikilia Shift mpaka kidole kife ganzi.